Neno Mbele, Mguu Nyuma

Kwenye risala ya shukrani ya harusi, kamati hutajwa, wapishi hutajwa, mpambaji hutajwa, na aliyetoa gari la maharusi hutajwa mara mbili. Sijawahi kusikia akitajwa mtu aliyesimama na maiki saa nne usiku, akawachukua watu zaidi ya mia waliotoka kula pilau, nusu yao hawajuani, na ndani ya wimbo mmoja akawapanga mistari, akawafundisha hatua, wakageuka wote kwa pamoja. Mtu huyo hulipwa kwa jina la MC, na wengi hudhani kazi yake ni kusoma ratiba na kuwaita watoa zawadi. Kuchezesha watu ni ufundi wa peke yake. Wapo MC hodari wa maneno ambao hawauwezi kabisa, na wapo watu wasiojua kupamba hotuba ambao wakianza kuchezesha hakuna anayebaki kwenye kiti.

Nimekuwa nikiutazama ufundi huo kwa makini hapa Iguguno, wilaya ya Mkalama, kwenye lami inayotoka Singida kwenda Shelui, Igunga na Nzega. Harusi za huku hufuata mavuno: alizeti ikishakamuliwa na vitunguu vikishapata mnunuzi, kadi za mchango zinaanza kutembea. Ukumbini wanakutana Wanyiramba, Wanyaturu, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na ndugu walioshuka kwenye basi kutoka Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Kila kundi lina ngoma yake. Ukipiga ya upande mmoja, upande wa pili unakaa kuangalia na kushangilia kwa heshima. Kwaito ndiyo inayowainua wote, kwa kuwa hapa haina mwenyewe.

Kama muziki, kwaito ilizaliwa kwenye vitongoji vya Afrika Kusini miaka ya 1990. Lakini harusini kwetu mtu akisema twende tukacheze kwaito, anachotaka ni mistari: watu wapangane, wapige hatua zilezile, wageuke, waanze upya, hata kama DJ ameweka bongo fleva au wimbo wa injili. Kisha ikaja Jerusalema ya Master KG na Nomcebo Zikode, iliyotoka mwishoni mwa 2019. Mapema mwaka 2020 kikundi cha Angola kiitwacho Fenómenos do Semba kilijirekodi kikiucheza wimbo huo huku wachezaji wameshika sahani za chakula mkononi, na video ile ikazunguka dunia nzima. Manesi waliicheza, mapadre waliicheza, polisi waliicheza. Kwa mchezeshaji wa harusi, balaa na baraka vilifika pamoja: kila mtu sasa anakuja ukumbini na hatua alizojifunzia kwenye simu, na hatua za simu ya huyu si za simu ya yule.

Tuanze na kona nne, maana hapo ndipo kwaito nyingi hufia. Hatua huishia kwa kugeuka robo ya mzunguko, halafu zinaanza upya mkiwa mmetazama ukuta mwingine. Asiyejua hujificha mstari wa nyuma na kumwiga aliye mbele yake. Ndivyo sote tulivyojifunza. Baada ya kugeuka mara mbili, mstari wa nyuma umekuwa wa mbele. Yule aliyejificha anajikuta ametangulia ukumbi mzima, hana mgongo wa kuutazama, na nyuma yake kuna kundi linalomwiga yeye. Mistari ikivunjika watu husema Waswahili hawajui kupanga foleni, au wageni wameshiba mno. Wanawaonea. Kilichotokea ni kwamba wote wanaojua walirundikana upande mmoja, karibu na maharusi, wapate kupigwa picha.

MC ninayemfuatilia mimi, kijana wa hapahapa ambaye mchana anauza vipuri vya pikipiki, hulimaliza jambo hilo kabla hajafungua mdomo kwenye maiki. Watu wakiwa bado wanakula, yeye anazunguka meza kwa meza kama mtu anayesalimia. Anaangalia chini ya meza. Anatafuta miguu inayofuata muziki bila mwenyewe kujua. Akiipata, anainama: "Dada, tukisimama naomba ukae pale karibu na spika." Kwa mwingine: "Shikamoo shangazi. Kona ya jikoni nimekuachia wewe." Hasemi sababu, na wao hawaulizi, maana mtu akipewa nafasi na MC hujiona ameheshimiwa. Anapoita mistari, kila ukuta una watu wawili watatu wanaoweza kutazamwa. Ukumbi unaweza kugeukia popote.

Jambo linalofuata ni kulia na kushoto. Mwalimu akisimama kuwatazama wanafunzi wake, mkono wake wa kulia ni wa kushoto kwao, na kila akisema "kulia" huku mwili wake unakwenda kwingine, nusu wanafuata sikio na nusu wanafuata jicho. Wanagongana. Kijana huyu anawapa mgongo. Hili linahitaji moyo, maana MC amefundishwa kwamba kuwapa wageni mgongo ni utovu wa adabu. Yeye anaomba radhi kwanza, anageuka, anafundisha akiangalia juu ya bega. Halafu anayaacha kabisa maneno kulia na kushoto. Anatumia ukumbi wenyewe. Mkitazama meza kuu, hatua ya kwanza ni "jikoni." Mkishageuka, hatua ileile, mguu uleule, inaitwa "meza kuu." Mkigeuka tena inaitwa "muziki." Mara ya nne inaitwa "mlangoni." Ukuta hauhami, na bibi wa miaka sabini anajua jikoni ni wapi kuliko anavyojua kulia kwake katikati ya makelele. Lakini fikiria anachobeba mwenye maiki: wimbo unakwenda, watu wanageuka, na majina ya hatua yanazunguka kichwani mwake sambamba na wanavyozunguka wao. Sijamsikia akikwama.

Sasa niseme la wakati, ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote. Wimbo kama Jerusalema una mapigo kama mawili kwa sekunde. Ukisema "geuka" sawasawa na pigo la kugeukia, umechelewa. Mtu anasikia, anaelewa, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na ndipo anageuka. Wepesi wamegeuka zamani, wazito bado, na mstari umepinda. Kwa hiyo neno lazima litangulie. Katika hesabu ya nane, yeye huliweka kwenye sita na saba, anaiacha nane tupu, na kwenye moja ukumbi wote unageuka. Ile nane tupu ina kazi kubwa. Ndiyo nafasi ya mtu kukusanya mwili wake. MC wasio na uzoefu huijaza kwa "oyooo" au "twende kazi," na hapo hapo unaona magoti yanasita.

Maneno yenyewe ameyachonga. Ni mafupi: gusa, rudi, chini, geuka. Uzito wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, naye huiangusha silabi hiyo juu ya pigo la ngoma, hata amri inasikika kama sehemu ya wimbo. Kama neno ni refu analianza mapema zaidi. Nimemwona akifanya hesabu hiyo kwa vidole, mkono wa kushoto umefichwa nyuma ya koti, kidole kimoja kimoja kikigusa gumba.

Baadaye anaanza kujiondoa. Mzunguko wa kwanza anataja kila hatua. Wa pili anataja zile ngumu tu. Wa tatu anasema "geuka" na hakuna zaidi. Kufikia wa tano maiki imeshuka hadi kiunoni, na watu wanacheza kwa akili na miguu yao wenyewe. Akiona upande mmoja unayumba, maiki inapanda, neno moja linatoka, inashuka tena. Mtu anayependa kusikia sauti yake hataiweza kazi hii, hata awe na sauti nzuri namna gani.

Nilipoanza kusoma juu ya uchezeshaji kwingine duniani, niliwakuta ndugu wa kijana huyu mbali sana, New England, kaskazini mashariki mwa Marekani. Huko watu wa kawaida, walimu, mafundi seremala, wastaafu, hukutana kwenye kumbi za vijiji kucheza dansi wanayoiita contra. Mizizi yake ni dansi za mashambani za Uingereza, zile ambazo John Playford alizichapisha kitabuni London mwaka 1651, zikapita Ufaransa, zikavuka bahari. Wanasimama mistari miwili mirefu wakitazamana. Kila jozi inashikana na jozi ya jirani, wanne hao wanacheza mzunguko mmoja, halafu kila jozi inasogea hatua moja kwenye mstari na kuanza upya na watu wengine. Wimbo mmoja ukiisha, umeshikana mikono na karibu kila mtu aliyekuwa kwenye mstari wako. Muziki hupigwa na watu walio hai, fidla, piano na kadhalika, na mzunguko mmoja una mapigo 64, ambayo huisha kwa muda wa nusu dakika hivi.

Mbele yao anasimama mchezeshaji. Kwanza anawatembeza kwenye hatua zote bila muziki, polepole. Kisha anaipa bendi ishara, na mzunguko wa kwanza anaita kila kitu, kila neno likitangulia hatua kwa mapigo mawili, matatu au manne. Kadiri mizunguko inavyokwenda anapunguza maneno, mpaka ananyamaza na kubaki akiangalia. Kumbe ni kazi ileile! Hata pande wanazitaja kwa ukumbi wenyewe: kwao "juu" ni upande wa bendi na "chini" ni upande wa mbali, majina yasiyohama mtu anapogeuka, kama yale ya muuza vipuri wa Iguguno. Ralph Page wa New Hampshire, aliyefariki mwaka 1985, alichezesha dansi hizo kwa miongo mingi na kuandika juu yake. Dudley Laufman, wa jimbo hilohilo, alitunukiwa heshima ya taifa ya sanaa za jadi mwaka 2009. Nchi iliyompa mchezeshaji wa dansi za vijijini tuzo ya taifa imeelewa jambo ambalo kamati zetu za harusi bado hazijaliandika kwenye risala.

Sisi tuna wa kwetu pia, na ukoo wao ni mrefu. Manju wa ngoma yupo tangu zamani. Kwa Wasukuma, majirani zetu wa kaskazini, yupo ningi, mtunzi na kiongozi wa wachezaji, na wachezaji wenyewe wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, ambazo hushindana mpaka leo katika sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Kipimo chao cha ushindi nakipenda: ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Pwani na bara, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ilikuwapo beni, gwaride lililogeuzwa ngoma, na vyama vyake vikubwa vya Marini na Arinoti. Kenya ya kati wapo wazee wa mwomboko, wanaocheza wawili wawili kwa kodiani na pete ya chuma inayogongwa. Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, bendi ya Zaïko Langa Langa iliwapa nafasi jukwaani watu wa kuita na kuchochea dansi, maatalaku, na bendi zetu za Dar es Salaam zikapata marapa wao.

Lakini ningi ana wachezaji wake waliofanya mazoezi, na atalaku anawaitia wanenguaji waliokwisha kujua kila kiuno kinakwenda wapi. Mchezeshaji wa harusi, sawa na yule wa New Hampshire, anafanya kazi na yeyote aliyesimama. Ana mjomba mwenye gauti. Ana mama mwenye mtoto mgongoni. Ana vijana wawili waliokunywa kidogo na watoto wanane wanaopenya katikati ya mistari. Ana wazee wa kanisa ambao wimbo ukiwa wa injili watasimama, na hatua ikihitaji kiuno watakaa. Huyu wangu huchagua hatua za miguu na makofi tu kwa nusu saa ya kwanza, na hajawahi kutangaza kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya nani.

Wasioweza kusimama nao wanacheza. Kwa bibi na babu walio mstari wa viti ametengeneza namna ya mikono: gusa goti mara mbili, piga kofi, geuza viganja. Inakwenda sambamba na miguu ya waliosimama, nane kwa nane. Niliwahi kukaa nyuma ya bibi mmoja wa upande wa bwana harusi aliyecheza wimbo mzima namna hiyo, na pale wengine walipogeuka, yeye aligeuza kichwa.

Nimewaona wachezeshaji wanaomwita mtu kwa rangi ya nguo yake: wewe wa gauni la njano, unatuharibia. Ukumbi unacheka, na mwenye gauni la njano hatasimama tena usiku ule, wala kwenye harusi ijayo. Naliona jambo hilo kuwa baya kuliko kukosea mapigo. Kijana wa Iguguno, mstari ukivunjika, husema, "Nimewachanganya, turudi," ingawa hajachanganya mtu. Anaibeba lawama, anamwashiria DJ arudishe wimbo mwanzo, anafundisha kile kipande kimoja kilichowashinda. Kipande hicho tu. Hawarudishi kwenye a-be-che. Na mara nyingi anakibadilisha. Kama kuruka kumewashinda, kuruka kunaondolewa na kugusa kunaingia, papo hapo, na hesabu inabaki nane. Anasema hatua ambayo ukumbi mzima umeshindwa kuifanya ilikuwa hatua yake mbaya, na mimi nakubaliana naye.

Mwaka huu ameanza kumfundisha mtu. Ni binti aliyemaliza kidato cha nne, ambaye kwa miezi kadhaa kazi yake ilikuwa kusimama kona ya mlangoni, ile kona ngumu, ili mstari wa nyuma ukigeuka uwe na mgongo wa kuufuata. Aliyepita kona ile amejifunza kucheza huku anatazamwa na asiangalie nyuma. Jumamosi moja ya Julai, kwenye wimbo wa tatu, MC alimkabidhi maiki.

Binti alitembeza hatua vizuri bila muziki. Muziki ulipoingia, neno lake la kwanza la kugeuka liliangukia kwenye pigo lenyewe, na mstari wa katikati ukapinda. Kwenye ukuta wa pili wakaanza kugongana. MC hakuichukua maiki. Alikwenda mwenyewe kusimama kona ya jikoni, akacheza hatua kubwa kubwa zionekane na wote, akinyoosha vidole viwili hewani kumwonyesha: vuta nyuma mapigo mawili. Binti akaanza kuhesabu kwa sauti, "tano," kisha neno. Likakaa. Mzunguko uliofuata likakaa tena, na wa baada yake akaacha kuhesabu. Watu waliendelea mpaka DJ akaurudia wimbo bila kuombwa.

Binti aliita kila hatua mpaka mwisho wa wimbo uliorudiwa, sauti ikaanza kukwaruza. Aliporudisha maiki alikuwa anatabasamu na jasho linamtiririka.

"Umeona walivyogeuka, kaka?"

"Nimeona, mdogo wangu. Neno umelipata. Jumamosi ijayo tuna harusi Nduguti. Tutafanyia kazi kunyamaza."